"Bei Hii ni ya Leo Tu": Maswali Yenu Kuhusu Wauzaji wa Nyumba za Kiwandani

Mobail homu, nyumba zinazoundwa kiwandani kisha zikavutwa na lori mpaka kiwanjani, zimewapa wengi wetu hapa Marekani mlango wa kwanza wa kumiliki nyumba. Lakini maswali mliyonitumia mwezi huu hayahusu sana nyumba. Yanamhusu yule anayeiuza.

*Shikamoo dada. Nilipoingia tu ofisini kwa muuzaji hapa Houston, aliniuliza ninaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Nikasema dola 800. Kuanzia hapo kila nyumba aliyonionyesha ilikuwa chini kidogo ya 800. Bahati au ujanja?*

Marahaba. Ni ujanja, na wa kizamani. Umemwonyesha mfuko wako kabla hajakutajia bei.

Chukua mkopo wa dola 80,000 kwa riba ya asilimia 10. Ukilipa kwa miaka 15, rejesho la mwezi ni kama dola 860. Wewe unasema ni kubwa, yeye anabonyeza kikokotoo, anauvuta mkopo hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi kama 772. Mnapeana mikono. Ila sasa, ukijumlisha yote, utalipa zaidi ya dola 30,000 juu ya ile njia ya kwanza, na bei ya nyumba haijashuka hata senti.

Ukirudi, usizungumzie mwezi kabisa. Omba bei kamili ya nyumba kwa maandishi, pamoja na orodha ya vilivyomo: usafirishaji, kuisimika, kuunganisha umeme na maji, ngazi za mlangoni, ukuta mwepesi wa kuzungushia chini ya nyumba, kiyoyozi. Hicho cha mwisho nakisisitiza kwa uchungu. Nyumba ya maonyesho niliyoingia mimi ilikuwa baridi kama friji, sikuuliza. Kumbe kiyoyozi kilikuwa cha maonyesho tu.

*Mimi ni mama, naishi Kentucky, Kiingereza changu kidogo. Binti yangu wa miaka 13 alinitafsiria. Yule bwana alituletea soda na piza, tukakaa saa tatu. Akasema bei ni ya leo tu, kuna familia nyingine inaitaka nyumba ile. Niliona haya kuondoka hivi hivi baada ya kula chakula chake. Nikaacha amana ya dola 500. Sasa silali.*

Pole sana mama. Kilichokukamata si ujinga, ni adabu. Kwetu ukila kwa mtu huondoki bila neno zuri, na muuzaji mzoefu anaijua hiyo tabia hata kama hajui kabila lako. Lakini hukuwa mgeni wake. Piza ile ni gharama ya biashara, kama umeme wa ofisi.

Hilo la "leo tu" lipime hivi: nyumba hizi zinatoka kiwandani, kwa ramani. Hata hiyo familia nyingine ikiichukua ile, ya namna ile ile inaweza kuagizwa. Wewe huyo huyo ukiwa sokoni unapatana bei ya kitenge, unajifanya unaondoka, mwenye duka anakuita urudi. Hapa viti ni vya ngozi tu, mchezo ndio ule ule.

Kuhusu amana, tazama risiti kama imeandikwa inarudishwa au hairudishwi. Kisha andika barua fupi leo, ya kuomba fedha zako, utunze nakala. Usiishie kwenye simu. Wakikuzungusha, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hupokea malalamiko ya wanunuzi.

Na binti mwache nyumbani. Mtoto wa miaka 13 hajui riba ni nini kwa lugha yoyote. Halafu kumweka katikati ya mama yake na mtu mzima anayembana ni kumtwisha mzigo. Tafuta mtu mzima anayesoma Kiingereza vizuri, na kabla ya kuingia mkubaliane kwamba siku hiyo hakuna kusaini. Karatasi zote zinakwenda nyumbani kwanza. Akikataa kukupa nakala ukasome, umeshapata jibu lako.

*Muuzaji anasema benki yangu haikopeshi nyumba hizi, lazima nipitie kwa mkopeshaji wao. Tena anataka namba yangu ya soshali (Social Security) "aangalie tu". Nimpe?*

Usimpe bado. Kuangalia huko kunaweza kuwa ombi kamili la mkopo, likaacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo.

Kwamba benki nyingi hazitaki nyumba hizi ana ukweli kidogo. Kwamba ni wao peke yao, hapana. Kumbuka katika biashara hii mjenzi, muuzaji na mkopeshaji wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja. Clayton Homes, mjenzi na muuzaji wa nyumba hizi, kwa mfano, ni ya kampuni ya Berkshire Hathaway tangu 2003, na wakopeshaji Vanderbilt Mortgage na 21st Mortgage wamo katika familia hiyo hiyo. Si haramu. Ila sheria ya 2018 iliyowaruhusu wafanyakazi wa wauzaji kusaidia kwenye maombi ya mkopo bila kuhesabiwa kuwa mawakala wa mikopo iliwawekea masharti. Kama kampuni ina undugu na mkopeshaji, wakuambie kwa maandishi, na wakutajie angalau mkopeshaji mmoja asiye ndugu yao. Tena hawatakiwi kujadiliana nawe masharti ya mkopo. Mwombe hilo jina la pili, kisha tazama uso wake.

Una ardhi yako? Uliza kuhusu mkopo unaounganisha nyumba na ardhi. Mkopo wa nyumba peke yake, inayosajiliwa kama gari, kwa kawaida una riba kubwa zaidi na kinga chache ukikwama.

*Nimesaini Jumamosi ofisini kwao. Nasikia Marekani kuna siku tatu za kubadili mawazo.*

Uvumi huu umewaumiza wengi. Kanuni ya serikali kuu ya siku tatu inalenga mauzo ya mlangoni kwako na mahali pa muda. Ukisaini ofisini kwa muuzaji, kwenye makao yake ya kudumu, haikuhusu. Baadhi ya majimbo yana sheria zao. Texas inampa mnunuzi wa nyumba ya kiwandani siku tatu za kuvunja mkataba bila adhabu. Hukutaja jimbo, kwa hiyo funga barua hii, fungua mkataba wako, na upige simu kwenye msaada wa kisheria asubuhi hii.

*Niliuliza bei mara moja tu. Sasa wananipigia kila siku, hata nikiwa zamu ya usiku.*

Ukiuliza bei, kampuni ina hadi miezi mitatu ya kukupigia hata kama namba yako imo kwenye orodha ya kitaifa ya wasiopenda kupigiwa. Lakini ukiwaambia waache, wanapaswa kuacha. Waambie mara moja, andika tarehe na jina la aliyepokea.

*Wananishawishi nichukue nyumba ya 1974, eti ni ile ile, bei chee.*

Si ile ile. Viwango vya usalama vya serikali kuu vilianza tarehe 15 Juni 1976. Zilizojengwa baada ya hapo zina bamba dogo jekundu nje, kwa kila kipande cha nyumba. Hiyo yako haina, na kupata mkopo au bima itakuwa shughuli.

*Aliyetupeleka kwa muuzaji ni kaka wa kanisani, Mswahili mwenzetu. Kila Jumapili anauliza tumeamua lini. Tukikataa tutaonekanaje?*

Hapa ndipo pagumu kuliko ofisi yoyote. Muuzaji mgeni unamkimbia, huyu mtakutana kwenye kipaimara. Muulizeni kwa upole, mkiwa naye peke yenu: "Kaka, tukinunua pale, wewe wanakupa kitu?" Kupewa si dhambi. Kuficha ndiko kunakobadilisha ushauri kuwa mauzo. Akisema ndiyo, mshukuruni, na nendeni kuuliza bei sehemu nyingine mbili bila yeye. Akikasirika kwa swali hilo, msinunue pale.