Usilipie leseni ya mwaka kabla promota hajakufungulia daftari lake

Wee ndugu, simama hapo hapo. Unasema kesho unatuma dola za leseni ya mwaka mzima ya mfumo wa takwimu za soko kutoka Ulaya, uwauzie wabunifu wa mitindo na mapromota wa Kampala. Unauliza upange bei gani, mkataba uweje, kampuni uisajili wapi. Bei baadaye. Hiyo pesa usiitume!

Mimi niliituma. Wakala aliniapia kwamba mfumo wao unaiona Afrika yote. Nikamfungulia promota mmoja ukurasa wa mashabiki wa msanii wake: mji wa kwanza, Amsterdam. Mzee akanitazama, akasema, "Kijana, hawa mimi nawauzia tiketi Kawempe na Mbarara." Hakulipa, na wenzake aliowasimulia hawakulipa pia.

Chanzo ni hiki. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, watu wakazoea VPN, programu ya kukwepa kufungiwa kwa kupitia seva ya nchi nyingine. Ukiingia kwa VPN, mtandao unakuhesabu kule iliko seva. Mfumo unazoa hesabu hizo hizo, unazichorea grafu, unakuuzia. Kwenye mavazi ni balaa zaidi: gomesi, yale magauni ya kina mama ya kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi), zinaagizwa WhatsApp, kitambaa kinanunuliwa kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe, Kampala, kwa fedha taslimu, fundi analipwa kwa simu. Mfumo unaosoma maduka ya mtandaoni utaliona wapi soko hilo?

Na wakala alijua! Nilipombana akaniambia nisome masharti. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, takwimu za Uganda zimeandikwa "makadirio". Mtu anakula ada yako huku anajua anakuuzia makisio. Hadi leo nikiliona jina lake damu inachemka.

Kwa hiyo dai majaribio ya bure kwanza. Nenda kwa promota mmoja, mwombe daftari la tamasha lake la Desemba: tiketi za mlangoni, tiketi za simu, siku kwa siku. Kwa mbunifu, omba oda za msimu mmoja wa harusi. Weka namba zao kando ya namba za mfumo, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo anaangalia. Zikipishana, achana na wenye mfumo, hata wakikupunguzia nusu ya bei. Zikilingana, ndipo uzungumzie leseni, tena ya miezi mitatu.

Ya kusajili kampuni watakujibu wengine. Wewe nijibu: pesa imeshatoka au bado?