Msimbo mmoja wa rangi, sura mbili

SWALI: Nina jedwali la mauzo ya miezi 12. Kila kisanduku nimekipaka buluu, na namba ikipanda buluu inakoza. Visanduku viwili vina namba ileile na msimbo uleule wa rangi (namba inayoiambia kompyuta rangi ipi ionyeshe), lakini kimoja kinaonekana kimepauka kuliko kingine. Je, skrini yangu ni mbovu?

JIBU: Skrini ni nzima. Jicho huisoma rangi kwa kuilinganisha na zilizo jirani nayo. Buluu ya wastani ikizungukwa na buluu nzito huonekana hafifu. Ikizungukwa na nyeupe huonekana nzito. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliyaandika haya kwa kina mwaka 1839, baada ya kuchunguza malalamiko kwamba weusi wa nyuzi za kiwanda cha ufumaji cha Gobelins, Paris, haukuwa umekoza. Aligundua kwamba chanzo ni rangi zilizofumwa kando yake.

Ukitaka kuhakikisha, toboa matundu mawili kwenye karatasi nyeupe, uifunike skrini hadi vibaki visanduku hivyo viwili tu. Vitafanana.

Tatizo kubwa liko kwenye ufunguo wa rangi, yaani mchoro mdogo kando ya jedwali unaoonyesha kila rangi inamaanisha namba gani. Ufunguo umekaa juu ya nyeupe, kisanduku kiko katikati ya rangi nyingine, kwa hiyo msomaji akilinganisha hukosea ngazi moja au zaidi. Ukiwa na ngazi 10 za buluu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika. Zipunguze ziwe 5, zilizoachana waziwazi. Acha mwanya mweupe wa pikseli 2 kati ya visanduku. Hauondoi tatizo lote, ila hulipunguza. Panga safu kwa ukubwa wa namba ili zinazokaribiana zikae pamoja. Na namba yenyewe iandikwe ndani ya kisanduku, kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5:1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake: maandishi meusi kwenye buluu hafifu, meupe kwenye nzito.

Kijivu cha “hakuna takwimu” nacho ni mtego: kikizungukwa na nyekundu huelekea kijani. Afadhali kisanduku cheupe chenye kistari.

Kama jedwali lako lina mistari ya kijivu inayopishana na nyeupe, kagua pia kama buluu yako inapenyesha rangi iliyo nyuma yake. Ikipenyesha, huchanganyika na kijivu na msimbo unaofika kwenye skrini hubadilika kweli. Hapo jicho halihusiki. Weka ukingavu (kiwango cha rangi kuziba kilicho nyuma yake) wa asilimia 100, au ondoa mistari hiyo kabisa.