Nimpangishe Mwenye Vocha? Maswali ya Wasomaji Wenye Nyumba za Kupangisha Marekani

Swali: Mhariri, salamu. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga, na huu ni mwaka wetu wa 14 hapa Columbus, Ohio. Baada ya kupata mtoto wa nne tulihamia nyumba kubwa zaidi, na ile ya mwanzo, iliyojengwa miaka ya 1950, tunataka kuipangisha. Aliyetangulia kuja kuitazama ni mama mmoja mwenye watoto wawili, mdogo akiwa na umri wa miaka minne, na ametueleza kwamba sehemu kubwa ya kodi yake italipwa kwa vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kuwalipia kodi ya nyumba wenye kipato kidogo. Mume wangu anasema hiyo ni riziki iliyobisha hodi yenyewe, kwa kuwa serikali haihami usiku na kodi ya mtu. Shemeji yangu, ambaye amepangisha nyumba Texas kwa miaka mingi, anatuhimiza tumkatae mara moja, kwa sababu watu wa vocha, kwa maneno yake, huharibu nyumba, na wakaguzi hawaishi kugonga mlango. Tumsikilize nani?
— Mama wa Wanne, Columbus

Jibu: Dada yetu, tuanze na jambo ambalo shemeji yako, kwa kuwa nyumba zake ziko Texas, hakulazimika kulifikiria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu haki ya makazi, pamoja na marekebisho yake, inakataza kumbagua mpangaji kwa rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, ulemavu au kwa kuwa ana watoto, lakini haisemi lolote kuhusu mahali zinakotoka pesa zake za kodi. Pengo hilo limezibwa na baadhi ya majimbo na miji, na Columbus ni mmojawapo: mwaka 2021 baraza la jiji lilipitisha sheria inayomzuia mwenye nyumba kumkataa mtu kwa sababu tu kodi yake inatokana na vocha au msaada mwingine halali. Texas ilikwenda upande wa pili kabisa, kwani mwaka 2015 bunge la jimbo hilo liliikataza miji yake kutunga kanuni za namna hiyo, isipokuwa kwa wale waliowahi kutumikia jeshi. Ushauri ambao Texas ni maoni tu unaweza kukufikisha mbele ya sheria ukiufuata Columbus. Mnaweza kumkataa mama huyu kwa sababu ambayo mngemkatalia mpangaji yeyote, kama vile kufukuzwa mara kwa mara na wenye nyumba waliotangulia, lakini si kwa vocha yenyewe.

Hata hivyo mnastahili kujua mnachoingia. Mpango huu ulipata jina lake kutokana na kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba ya mwaka 1937, kama kilivyoandikwa upya mwaka 1974. Pesa hutoka kwa wizara ya nyumba mjini Washington, lakini mtakayeshughulika naye ni mamlaka ya nyumba ya eneo lenu. Mtakuwa na mikataba miwili: mmoja wa upangaji kati yenu na mpangaji, na mwingine wa malipo ya ruzuku kati yenu na mamlaka. Vocha ni ya mpangaji, haikai na nyumba, na siku atakayohama kihalali ataondoka nayo.

Hesabu yake wengi huielewa kwa mfano. Mpangaji huchangia takribani asilimia 30 ya kipato chake cha mwezi, baada ya kuondolewa makato yanayoruhusiwa, na mamlaka hujazia hadi kufikia kiwango ilichokiweka kwa nyumba ya ukubwa huo, kiwango ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 90 na 110 ya kodi elekezi inayotangazwa na wizara kila mwaka. Tuseme kipato cha mama huyo baada ya makato ni dola 1,500, kiwango cha mamlaka ni dola 1,400, na bili za umeme, gesi na maji mnazilipa ninyi. Mkimtoza dola 1,400, yeye atalipa 450 na mamlaka 950. Mkimtoza dola 1,550, zile 150 za juu zitamwangukia yeye, mchango wake utakuwa dola 600, yaani asilimia 40 ya kipato chake, na hapo ndipo mwisho, kwa maana mamlaka hairuhusu mpangaji anayeingia kwenye nyumba mpya kuvuka asilimia 40. Mkitaka 1,600, ombi litarudi. Zaidi ya hayo, mamlaka hulinganisha kodi yenu na ya nyumba nyingine za jirani zisizo na ruzuku, na ikiona mmezidisha itawataka mpunguze hata kama kiwango chake kingetosha. Kwa hiyo yale maneno kwamba kwa vocha unaweza kupandisha kodi upendavyo ni ya barazani tu.

Mume wako ana hoja nzito katika jambo moja ambalo watu hulisahau. Mpangaji wa kawaida akipoteza kazi, kodi yote inayumba. Mpangaji mwenye vocha akipoteza kazi huripoti kwa mamlaka, hesabu inafanywa upya, mchango wake unashuka na ule wa mamlaka unapanda. Mwaka 2020, ajira zilipofungwa kwa sababu ya korona, wenye nyumba wengi waliiona tofauti hiyo kwenye akaunti zao za benki. Tena vocha hupatikana kwa taabu: katika miji mingi watu husubiri kwa miaka kwenye orodha, na anayevunja mkataba wa nyumba kwa kosa zito anaweza kuipoteza. Mtu aliyesubiri hivyo huwa haichezei.

Lakini mume wako amekosea kidogo alipohesabu kodi yote kuwa ni ya serikali. Kilicho cha uhakika ni zile dola 950. Zile 450 za mpangaji mtazidai kwake, na asipolipa mamlaka haimlipii. Kinyume chake pia ni kweli: mamlaka ikichelewesha sehemu yake, hamwezi kumdai mpangaji pesa hizo wala kumtoa nyumbani kwa ajili yake. Malipo ya kwanza ndiyo yanayowatesa wageni wa mpango huu, kwa kuwa huanza baada ya nyumba kufaulu ukaguzi na mkataba wa ruzuku kutiwa saini, na wiki kadhaa zinaweza kupita kabla pesa hazijaja kwa mkupuo. Sisi tuliozoea Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita mkononi kabla ya kutoa ufunguo, tunaona jambo hili kama kichekesho, lakini benki iliyowakopesha haitacheka. Wekeni akiba ya malipo ya mkopo ya miezi miwili kabla ya kuanza.

Sasa tumgeukie shemeji, na tuanze na wakaguzi, kwa kuwa kwa nyumba yenu hapo ndipo penye uzito. Nyumba hukaguliwa kabla ya mpangaji kuingia, na baada ya hapo, katika mamlaka nyingi, angalau mara moja kila miaka miwili, mbali na ukaguzi unaofanywa mpangaji akilalamika. Wanachotazama si anasa: maji ya moto, madirisha yanayofungika, soketi zilizo karibu na maji, vitambua moshi, mkono wa kushikia penye ngazi, na tangu mwishoni mwa 2022 kitambuzi cha gesi ya kaboni monoksidi pale panapohitajika. Kasoro inayohatarisha maisha hurekebishwa ndani ya saa 24. Nyingine hupewa siku 30. Mkichelewa, mamlaka husitisha malipo, na kwa kawaida malipo ya siku zilizositishwa hayarudishwi.

Kwa nyumba ya miaka ya 1950 ninaongeza jambo moja, nalo ni rangi. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 hushukiwa kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayemeza vumbi lake au vipande vyake. Kwa kuwa mama huyu ana mtoto wa miaka minne, na kanuni inawahusu watoto walio chini ya miaka sita, mkaguzi atatazama kila mahali palipobanduka: fremu za madirisha, nguzo za baraza, kona ya gereji. Kuiparua wenyewe kwa msasa mkavu jioni moja ni kosa na ni hatari, kwa sababu ndiko kunakolisambaza vumbi lenyewe. Mpeni kazi hiyo fundi aliyefunzwa. Gharama hiyo ningeiingiza kwenye hesabu ya nyumba, si kwenye hesabu ya vocha, kwani mtoto wa mpangaji anayelipa taslimu naye ana ubongo.

Kuhusu uharibifu, shemeji amechanganya mambo mawili. Familia nyingi zenye vocha ni za wazee, watu wenye ulemavu, au wazazi wenye watoto, na sioni kwa nini bibi wa miaka 70 avunje milango kwa sababu kodi yake inalipwa na mamlaka. Hata hivyo kuna kitu cha kweli nyuma ya maneno yake: mamlaka hupima kama mtu anastahili msaada, haiwahakikishii kwamba atatunza nyumba. Kumchunguza mpangaji ni kazi yenu. Mamlaka inatakiwa kuwapa anwani yake ya sasa na iliyotangulia, pamoja na jina na anwani ya mwenye nyumba wake wa sasa na wa zamani ikiwa inazijua. Zungumzeni zaidi na yule wa zamani, kwa sababu huyu wa sasa, akitaka kumwondoa, anaweza kumsifu kupita kiasi. Ombeni pia dhamana kama mnavyoomba kwa mpangaji mwingine yeyote, kwani ruzuku ya kila mwezi haikusudiwi kulipia ukuta uliotobolewa.

Kuachana nako kuna utaratibu wake. Mkataba wa kwanza kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, na ndani ya muda huo hamwezi kumtoa mpangaji ila kwa sababu nzito, kwa njia ya mahakama, huku mamlaka ikipewa nakala ya ilani. Kama mlikuwa na mpango wa kuiuza nyumba baada ya miezi minane, hilo lafaa kujulikana sasa, ingawa mpangaji yeyote mwenye mkataba wa mwaka angewazuia vilevile.

Kwa maoni yangu, kama sifa zake ni njema, mpokeeni. Mwulizeni vocha yake imebakiza siku ngapi, kwa kuwa mtafutaji hupewa muda usiopungua siku 60. Jazeni pamoja fomu ya kuomba idhini ya upangaji. Na msimkabidhi ufunguo kabla ya ukaguzi, hata akiwabembeleza kwa machozi, kwa sababu kwa kawaida siku zilizotangulia idhini mamlaka haizilipi.

Swali: Mimi ni Mkongo ninayeishi Louisville, Kentucky, na nina nyumba ndogo iliyo wazi. Dada yangu, aliyekuja kama mkimbizi, amepata vocha. Je, ninaweza kumpangisha yeye badala ya mtu nisiyemjua?
— Kaka Mkubwa

Jibu: Ndugu yetu, hapana, isipokuwa mamlaka iridhike kwamba kuiidhinisha nyumba hiyo kunahitajika kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wa familia yake. Mwenye nyumba hatakiwi kuwa mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka wala dada wa mtu yeyote anayeishi katika kaya inayopewa vocha. Kwa hiyo hata vocha ikiwa kwa jina la mume wake, wewe bado ni kaka wa mmoja wa wanakaya, na mlango umefungwa. Hapa lugha yetu huwatega wengi, maana mtoto wa shangazi nasi tunamwita dada. Sheria haimhesabu binamu kuwa dada, na huyo unaweza kumpangisha. Ukijaza fomu, andika uhusiano kama ulivyo kwa damu, kwa maana ukimwandika binamu kuwa dada kwa heshima utakuwa umejinyima mpangaji halali.

Swali: Mamlaka imeniidhinishia kodi ya dola 1,300, ilhali nyumba yangu ina thamani zaidi. Mpangaji mwenyewe, kwa hiari yake, amekubali kunipa dola 150 za pembeni kila mwezi. Kuna ubaya gani ikiwa tumeridhiana?
— Mzee wa Dayton

Jibu: Mzee wetu, shikamoo. Ubaya upo, na ni mkubwa kuliko hizo dola 150. Ulipotia saini mkataba wa ruzuku ulikubali kwamba hutapokea kwa mpangaji kodi nyingine yoyote nje ya ile iliyoidhinishwa. Malipo ya pembeni huhesabiwa kuwa ni udanganyifu dhidi ya serikali: unaweza kudaiwa urudishe, ukafungiwa nje ya mpango, na hata kushtakiwa, na mpangaji naye akapoteza vocha. Hiari yake haikulindi, kwa kuwa mtu mwenye siku chache za kutafuta nyumba hana hiari kubwa ya kusema hapana. Kama umeshapokea, mrudishie kwa hundi ili ibaki kumbukumbu, na umwone mwanasheria kabla hujaandika barua yoyote kwa mamlaka. Njia halali ni kusubiri muda wa kwanza wa mkataba uishe, kisha kuiarifu mamlaka angalau siku 60 kabla ya kodi mpya kuanza, ukiambatanisha kodi za nyumba tatu au nne za mtaa huohuo zinazofanana na yako kwa ukubwa na umri.