Usimfungie mwanao ndani

Mwanangu alipofikisha mwaka wa tatu wa kula unga, yaani heroini, mimi na kaka yangu tulimfungia chumbani siku nane. Alikuwa na miaka 26, mwanamume mwenye ndevu zake, nami nimekaa nje ya mlango na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Mtaani nilikuwa nimesikia kwamba teja, yaani mraibu wa unga, akimaliza arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, amepona. Nikajiambia nitavumilia kelele na matusi, itamtoka tu.

Ilianza jioni ile ile. Makamasi, machozi, miayo isiyokatika, kisha kutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya kuliko zote. Alilia akiniita kama alivyokuwa akiniita kabla hajaanza shule. Siku ya tano akapata usingizi. Ya saba akaomba uji. Ya nane nikafungua mlango, nikapika pilau. Alasiri akaaga anakwenda kunyoa. Saa mbili usiku nikaja kuitwa: yuko chini maskani, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa mbali, pumzi moja moja.

Alipona kwa rehema za Mungu. Daktari aliyemhudumia, kijana wa umri wake, alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingemfungia. Mwili uliozoea unga hustahimili kipimo kikubwa. Ukikaa siku chache bila kuupata, ustahimilivu ule huondoka, lakini kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Mtu anarudia kete, vile vipakiti vya unga, idadi ile ile aliyoachia, safari hii zinamzidi. Ndiyo sababu wengi hufa wakiwa wametoka tu jela, au soba hausi, zile nyumba za kuwaachisha watu unga, au chumba alichofungiwa na mama yake.

Arosto ni mwili unaodai. Hamu yenyewe hubaki miezi na miaka baada ya mwili kunyamaza, na hiyo ndiyo inayotaka tiba.

Ukimkuta amezidiwa, usimnyweshe maziwa wala usimmwagie maji kama tufanyavyo mitaani. Mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie, mkimbize hospitali, na useme wazi kwamba ametumia unga. Kuna dawa ya kuuzima unga mwilini, inaitwa naloksoni, lakini daktari ataiwazaje ikiwa wewe unamwambia kijana ana malaria? Mimi nilisema malaria. Kulikuwa na watu kwenye benchi, nikaona aibu. Dakika zile bado zinaniamsha usiku.

Aibu ilinila sana. Msibani wifi yangu aliniambia mbele ya wanawake wenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimelea wanne, wamekula sinia moja. Niliacha kwenda kikoba, nikaacha kuuliza watu, na kwa sababu sikuuliza, nilipoteza karibu mwaka mzima bila kujua msaada ulikuwa safari ya daladala moja tu kutoka kwangu.

Sasa pesa. Mimi ni fundi cherehani. Aliuza pasi, akauza mtungi wa gesi, na siku moja akauza vitenge vitatu vya mteja mwenye sendoff Jumamosi. Nililipa vyote. Nililipa na waliokuwa wakimdai, kwa sababu nilihofia asije akaiba kwa watu akapigwa mpaka kufa barabarani. Hofu hiyo kila mama wa teja anaijua, na simlaumu anayelipa. Lakini kila deni nililolipa lilimfungulia deni jingine. Mwishowe nilimwambia: chakula kipo, pa kulala papo, hospitali nitakupeleka mwenyewe, ila pesa mkononi hupati tena, hata ya nauli. Vitambaa vya wateja nikavihamishia kwa jirani. Alikasirika, akaondoka wiki tatu. Sikumfuata, ingawa kila usiku niliacha taa ya barazani inawaka.

Alirudi na jipu mkononi, amekonda. Nikampa ugali na dagaa, sikumhubiria. Alipomaliza nikamuuliza, "Uko tayari twende?" Akasema, "Twende, Mama." Tulikwenda kesho yake asubuhi, kabla sijafungua kibanda.

Huko alianzishwa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Kwa hapa kwetu Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na leo vituo vipo hadi Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Hulipii. Ni dawa ya kunywa, anainywa kila siku mbele ya mtoa huduma, nayo humzuia arosto kwa siku nzima. Kipimo huanza kidogo na kupandishwa taratibu, kwa hiyo wiki za mwanzo bado alikuwa akitumia kete kwa siri, nikataka kukata tamaa. Muuguzi akanisihi nisubiri kipimo kimfikie. Alikuwa sahihi. Jambo la kuchunga sana ni pombe na vidonge vya usingizi. Vikichanganyika na methadoni vinaweza kumkatia pumzi.

Watu watasema ameacha unga akaingia kwenye unga mwingine. Waache. Mtu aliyekuwa akiamka akiwaza kete ya asubuhi sasa anaamka, anakunywa dawa, na siku yote iliyobaki ni yake: anaoga, anafanya kazi, anakumbuka kuuliza mguu wa bibi yake unaendeleaje.

Huu ni mwaka wake wa tatu wa dawa. Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikuja kuniambia mwenyewe. Wiki iliyopita nilimpa mfuko wenye gauni la mteja alipeleke Kigogo. Nilikaa mlangoni sikushona hata mshono mmoja mpaka nilipomwona anakunja kona, mikono mitupu, risiti ya malipo mdomoni. Jana nilimpa mengine mawili.