Marekani "ilishindwa" au "ilipoteza" vita vya Vietnam?

SWALI: Nafundisha Historia kidato cha nne, Morogoro. Katika mada ya Vita Baridi niliandika ubaoni: "Marekani ilishindwa Vietnam." Mwenzangu wa Kiswahili akapita, akasema sentensi inaning'inia, niandike "Marekani ilipoteza vita vya Vietnam." Nani yuko sahihi? Halafu mwanafunzi mmoja kaandika kwenye mtihani, "Marekani ilipigana na Vietnam Kusini," nikamkata alama. Anadai nimemwonea.

JIBU: Mwalimu, kwa hilo la kwanza mwenzako kakosea dawa, ingawa ugonjwa kauona. Tuanze na hiyo "kupoteza". Kwa Kiswahili mtu hupoteza funguo, muda, fahamu, hata heshima. Lakini kesi hushindwa, uchaguzi hushindwa, na vita hushindwa. "Kupoteza vita" na "kupoteza mechi" zimetujia kwa watangazaji wanaotafsiri huku saa inawakimbiza, na siku hizi zimezoeleka kiasi kwamba anayezikosoa huonekana mkorofi. Mimi bado nazikosoa. Sababu ni kwamba kitenzi hicho kina kazi yake katika habari hiyohiyo: Marekani ilipoteza askari zaidi ya 58,000 Vietnam. Ukisema ilipoteza askari, kisha ikapoteza vita, umelitumia neno moja kwa mambo mawili wakati lugha imekupa mawili.

Sasa "ilishindwa Vietnam". Majina ya nchi hayachukui "-ni" ya mahali, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama Vietnam ni pale mambo yalipotokea au ndiyo iliyoshindwa kutawaliwa. Hapo ndipo mwenzako alipoona kuning'inia. Andika "ilishindwa vita vya Vietnam" au "ilishindwa kule Vietnam", na maneno yatakuwa yamekaa. (Na ni vita vya, si vita ya, japo mtaani sote twasema "vita ya". Ubaoni andika vya.)

Ila kuna jambo zito zaidi, nalo liko kwenye kile kinachofuata "shindwa". Ukiweka "na", unamtaja aliyeshinda: "Ufaransa ilishindwa na Viet Minh huko Dien Bien Phu." Hiyo ni safi. Tarehe 7 Mei 1954 ngome hiyo ya Wafaransa ilitekwa na Viet Minh, yaani wapigania uhuru wa Vietnam, Wafaransa wakachukuliwa mateka kwa maelfu, na mshindi alikuwa amesimama juu ya handaki lao. Ukiweka kitenzi badala ya "na", unazungumzia uwezo: "ilishindwa kuendelea." Kitenzi kimoja, habari mbili. Mwandishi wa Vietnam asipoangalia anaweza kusema moja akidhani kasema nyingine.

Chukua mashambulizi ya Tet, yaani ya sikukuu ya mwaka mpya wa Vietnam. Usiku wa kuamkia 31 Januari 1968, majeshi ya Vietnam Kaskazini na wapiganaji wa Vietkong, yaani waasi wa Vietnam Kusini waliokuwa upande wa Kaskazini, walivamia miji zaidi ya 100, wengine wakaingia mpaka ndani ya uzio wa ubalozi wa Marekani Saigon, mji mkuu wa Kusini. Kwingi walirudishwa nyuma ndani ya siku chache; mji wa Hue peke yake ndio uliochukua karibu mwezi mzima. Kwa hesabu ya medani, walioshambulia walishindwa. Lakini tarehe 31 Machi mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba hatagombea tena. Kwa hiyo Vietkong walishindwa na Marekani, na Marekani ikashindwa kuendelea kama zamani, yote katika majira mamoja. Sentensi zote mbili ni kweli.

Kambi ya Khe Sanh inachekesha zaidi, kama kuna cha kuchekesha pale. Wanamaji wa Marekani walizingirwa kwenye kambi hiyo kwa siku 77, wakashinda na kulala mahandakini wakipigwa mizinga. Kambi haikutekwa. Julai 1968 Marekani yenyewe ikaibomoa na kuondoka. Ukiandika "walishinda Khe Sanh", msomaji atauliza: walimshinda adui, au walishinda tu pale kutwa kucha?

Kanali Harry Summers wa Marekani amesimulia kwamba Aprili 1975, akiwa Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, alimwambia kanali mmoja wa Kaskazini kuwa hawakuwahi kuwashinda Wamarekani kwenye uwanja wa mapambano. Mwenyeji wake akajibu kuwa huenda ni kweli, lakini hilo halikuwa na uzito wowote. Yule wa kwanza alitaka sentensi yenye "na". Yule wa pili hakuihitaji.

Na kwa kweli "na" ingemtaja nani? Mwaka 1967 bondia Muhammad Ali alikataa kuingizwa jeshini, akavuliwa ubingwa. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa akiba wa jimbo la Ohio waliwaua kwa risasi wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Kent State wakati wa maandamano ya kupinga vita. Serikali ilikuwa imeshindwa kuwashawishi watu wake wenyewe, na huwezi kuandika kwamba ilishindwa na Kent State. Ndiyo maana naipenda "Marekani ilishindwa vita vya Vietnam" bila "na": inasema matokeo bila kulazimisha mshindi mmoja. Hanoi itasema mshindi anajulikana, na ina haki ya kusema hivyo; huko vita vyenyewe huitwa vita vya kuipinga Marekani.

Ila usiende mbali ukaandika kwamba Marekani "ilisalimu amri". Ilitia saini makubaliano ya Paris tarehe 27 Januari 1973, na kikosi chake cha mwisho cha mapigano kikaondoka mwishoni mwa Machi. Hapo ilijiondoa. Aliyesalimu amri ni Duong Van Minh, rais wa Kusini, tarehe 30 Aprili 1975, baada ya vifaru kuingia uani mwa ikulu ya Saigon. Zile helikopta za siku hiyo na ya kabla yake zilikuwa zikihamisha watu wa ubalozi na Wavietnam waliohofia kubaki, si jeshi lililokuwa likirudi nyuma.

Kuhusu mwanafunzi wako: "kupigana na" kuna mgogoro wake. Maana ya kwanza inayomjia msomaji ni kupigana dhidi ya mtu, na kwa maana hiyo umemkata kwa haki, maana Vietnam Kusini ilikuwa mshirika wa Marekani. Lakini "na" hiyohiyo huleta pia maana ya pamoja: "Nimekuja na Juma." Kijana anaweza kuwa alimaanisha kwamba walipigana upande mmoja, kama Korea Kusini na Australia zilizopeleka askari kuisaidia Saigon. Soma sentensi inayofuata kwenye karatasi yake. Kama anaitaja Hanoi kuwa adui, mrudishie alama, umwandikie pembeni "ikishirikiana na". Kama haitaji, mkato wako ubaki.