Baiskeli moja ya kazini, safari na njia za vumbi
Ndugu, kwa kuwa unataka baiskeli moja ya kwendea kazini Moshi mjini, ya safari ndefu na ya njia za vumbi, na fedha ni kidogo, ningekushauri utafute ya milimani ya mtumba, yenye fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26 na uma wa mbele (ule unaoshika gurudumu la mbele) usio na shokapu, kwa maana shokapu za bei rahisi huongeza uzito na huchakaa upesi. Kabla ya kulipa, tazama kama kuna matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma, ambapo keria hufungwa. Kisha zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba kati ya mipira ya breki. Tairi za upana wa inchi 1.75 hadi 2 zitafaa lami na changarawe. Rangi iliyobabuka isikusumbue.