Je, kuzuia matangazo ni kumdhulumu mwenye tovuti?

SWALI: Ninasoma mapishi kwenye tovuti moja ya bure, lakini matangazo yake yananimalizia bando. Rafiki amenitumia kwa WhatsApp programu ya kuyazuia. Ninasita kuiweka, kwa sababu mwenye tovuti ameeleza kuwa matangazo ndiyo yanayolipia gharama zake. Je, nitakuwa nimemdhulumu?

JIBU: Mashaka yako yana msingi. Ni kweli kwamba mwaka 2018 mahakama ya juu ya Ujerumani, katika kesi ya kampuni ya magazeti ya Axel Springer dhidi ya Eyeo, watengenezaji wa kizuizi cha matangazo kiitwacho Adblock Plus, iliamua kuwa kutoa programu ya aina hiyo si ushindani usio wa haki. Lakini uamuzi huo haumlipi mpishi wako, ambaye kwa kila tangazo linaloonekana hupata kiasi kidogo mno, kinacholeta maana pale tu wasomaji wanapokuwa wengi. Kizuizi cha kuaminika kinakuruhusu kukizima kwa tovuti moja na kukiacha kikifanya kazi kwingineko. Kizime kwake, na haki yake itamfikia.

Kinachonikera, na ninakutana nacho kila mara, ni imani kwamba programu inayoondoa matangazo lazima iwe upande wa msomaji. Ili zifanye kazi, nyingi za programu hizo zinazoongezwa kwenye kivinjari huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye kila tovuti unayofungua, yaani pamoja na barua pepe na akaunti ya benki, na wengi huikubali ruhusa hiyo bila kumaliza kuisoma. Mwaka 2018 watafiti wa AdGuard, kampuni inayotengeneza vizuizi vya matangazo, walifichua vizuizi bandia ndani ya duka rasmi la Chrome, vilivyokuwa vimewekwa na watumiaji zaidi ya milioni 20. Mwaka 2020 Nano Adblocker, iliyokuwa programu ya heshima, iliuzwa kwa wamiliki wapya, na toleo lililofuata likaanza kukusanya taarifa za watumiaji na kutumia akaunti zao za Instagram bila idhini. Hata Adblock Plus yenyewe, tangu 2011, ina mpango wa kuyapitisha matangazo yanayotimiza masharti yake, na kampuni kubwa huulipia. Mpango huo umetangazwa wazi na unaweza kuuzima, lakini ni vyema ujue kwamba pesa zipo huko pia.

Sipingi vizuizi. Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwashauri wananchi wavitumie, kwa sababu matapeli walikuwa wakinunua matangazo kwenye mitambo ya kutafutia taarifa mtandaoni na kujifanya kampuni halali. Ninachopinga ni mafundi wa vibandani wanaomwekea kila mteja faili la APK, yaani faili la kuweka programu ya Android bila kupitia duka rasmi, lisilojulikana limetoka wapi, wakimhakikishia kuwa simu sasa iko salama. Hawajui ndani mna nini, na wanatoza pesa kwa kutojua huko.

Kwa hiyo, faili ulilotumiwa lifute bila kulifungua. Kama simu yako ni ya Android, weka kivinjari cha Firefox kutoka duka rasmi, kisha uongeze uBlock Origin, kizuizi kilichotengenezwa na Raymond Hill, kutoka orodha ya viongezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari) vya Firefox yenyewe. Na yeyote ambaye tayari ameweka faili la namna hiyo aliondoe leo, kisha abadilishe nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, kwa maana huenda nywila alizoandika tangu alipoliweka zimeshasomwa.